Mluzi wa Baba Zizini kwa Jirani

Nina miaka kumi na sita, nipo kidato cha tatu. Mimi ni mwoga wa kusema mbele za watu; mwalimu akiniuliza swali, naitikia chini chini mpaka wenzangu wananicheka. Ndiyo maana naandika...

Baba alifariki ghafla, akatuachia mimi na mama zizi la ng'ombe huku kwetu Igunga. Kiangazi kikaja, lambo letu likakauka. Jirani yetu, Baba Kulwa, aliyelia msibani kuliko hata ndugu, akaja nyumbani.

"Shemeji, walete kwangu, kisima changu hakikauki. Mvua ikinyesha utawachukua."

Kwetu huwezi kumwachia mtu ng'ombe bila mashahidi. Baba alikuwa anaita wazee kwanza, wanakagua kila mnyama. Mama aliona aibu. Atamwitiaje mashahidi mtu aliyechimba kaburi la mume wake? Akawapeleka hivyo hivyo, bila shahidi.

Mvua ikanyesha. Mama akaenda kuwachukua, nami nikamfuata.

"Pole, shemeji. Wako walikufa kwa ugonjwa. Hawa nimenunua mnadani."

Uongo! Mabaka, ng'ombe jike wetu anayeongoza kundi, alikuwa pale pale! Lakini masikio yalikuwa yamekatwa upya, alama ya baba haipo. Mama alikaa chini kwenye tope...

Mwenyekiti wa kitongoji akaita watu zizini kwa Baba Kulwa. Mama akaulizwa mashahidi wake. Hana hata mmoja. Nikaona tunarudi mikono mitupu! Nikanyoosha mkono.

"Na huyu bubu anataka nini?" Baba Kulwa akasema. Watu wakacheka.

Kwetu msichana hapigi mluzi, ni mkosi. Lakini baba alinifundisha kwa siri tukichunga, mluzi wake wa kuita kundi kunywa maji. Midomo ilikauka. Mara ya kwanza ilitoka hewa tu! Nikalamba midomo, nikapiga tena...

Mabaka akainua kichwa. Akaja mbio, wengine nyuma yake, wakasukuma miti ya zizi mpaka ikavunjika!

"Waliokuja ni wa mjane," mwenyekiti akasema. Baba Kulwa hakucheka tena.

Lakini walikuja wachache. Wengine, pamoja na maksai wetu wa kulimia, alishawauza. Msimu huu tumelima kwa jembe la mkono.

Wasomaji wenzangu, hasa mama zangu wajane, nawasihi... machozi ya msibani si ushahidi! Iteni wazee, hata kama jirani atanuna. Jioni nikipiga mluzi, Mabaka hufika, halafu anageuka kuangalia njia, anasubiri wenzake.