Kata ya Ngoma ya Bi Nusaiba

Saa tatu asubuhi Clémentine, kiongozi wa kikundi cha ngoma, alifungua stoo ya ukumbi wa kanisa, mtaa wa wahamiaji wa Jeppestown, akakuta ngoma haipo. Saa nane kikundi chao kilitakiwa Sandton, kuonyesha jinsi wanawake wa miji ya kale ya pwani walivyojipigia ngoma uani, harusini. Bila ngoma ile hakuna onyesho.

"Huyu Gaston njo ameiba," alisema Clémentine. "Ufunguo ingine iko na yeye. Naita polisi."

Gaston, mlinzi wa ukumbi, ndiye aliyechaguliwa kuipiga. "Mama, niibe ngoma ninayopiga mwenyewe? Polisi wakija wataanza na karatasi zangu. Hawatanirudisha hapa."

"Weka simu kwanza," alisema Mama Perpetua, mjane wa kikundi chao, rozari mkononi. Akaingia stoo. Kufuli zima, dirisha zima. Spika ya bei ipo. Ngoma haipo, wala kata yake, ile pete ya kitambaa ambayo ngoma huikalia.

"Nani aibe kitambaa?" Clémentine akacheka.

"Ndiyo swali langu. Gaston, jana uliiweka wapi ngoma?"

"Chini, kama kawaida. Bi Nusaiba, aliyekuwa akiipiga kabla yangu, akaiinua, akaipandisha kwenye kata."

"Na ufunguo ulimwazima nani?"

"Yeye. Alisema amesahau mtandio."

Perpetua alikumbuka: jana Bi Nusaiba alitoka mtandio kichwani.

Wakaenda wote nyumbani kwake, Joubert Park. Ngoma ilikuwa kando ya kitanda cha Bi Nusaiba, juu ya kata, imefunikwa kanga.

"Bi Nusaiba, kijana wa watu nusura apelekwe polisi."

Bibi alimtazama Gaston, akainamisha kichwa. "Hilo sikulitaka. Unisamehe, mwanangu." Kisha akamgeukia Clémentine. "Lakini ngoma hii alinipa mama, naye alipewa na mamake. Vidole vyangu vimekakamaa, mkampa mwanamume. Wale wanawake walifungiwa kuta nne, ngoma ikawa yao peke yao. Hata hiyo mnawapokonya?"

Clémentine akauliza, "Sasa nani atapiga?"

Emmy, mjukuu wa Bibi, msusi aliyezaliwa hapahapa na asiyejibu Kiswahili ila kwa Kizulu, aliketi, akaipiga. Mdundo wote, bila kukosea. Bibi akaachia kigelegele.

Saa nane, Sandton, Gaston alipanda jukwaani na ngoma kichwani. Alitandika kata kwanza, akaikalisha ngoma polepole, akamwachia Emmy, akashuka kwenda kukaa na watazamaji.