Sifuri za Profesa

Kila Jumatano na Jumamosi, saa kumi alasiri, Profesa aliingia maktaba ya mtaa akiwa na beji kifuani na kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye ubao wa kuandikia. Hakusalimia mtu. Alipita katikati ya meza pua juu, akavuta kiti karibu na dirisha, kisha akakohoa kidogo ili watu wajue kwamba mhusika amefika. Watu walijua, wakaendelea kusoma.

Kama mnataka ukweli, hakuwa profesa wa chochote. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, wa darasa la sita, mwenye mwandiko mzuri na kichwa kilichovimba. Jina hilo alilipata siku mwalimu aliposoma mbele ya darasa insha yake kuhusu fundi wa visima aliyechimba juu ya kilima huku mji mzima ukimcheka.

"Umeitoa wapi hadithi tamu namna hii?" mwalimu aliuliza.

"Kichwani mwangu," Profesa alijibu bila kupepesa macho.

Wenzake walipiga makofi, wakamwita Profesa, nusu kwa sifa na nusu kwa kejeli. Yeye alisikia ile nusu ya kwanza tu.

Kazi yake maktabani haikuhitaji uprofesa wowote. Wasomaji walitakiwa kuviacha vitabu mezani wakimaliza, wasivirudishe wenyewe rafuni, na tangazo kubwa ukutani lilisema hivyo. Jioni, Profesa na rafiki yake Kifutio, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuandika mstari bila kuufuta, walivihesabu vitabu vya mezani na kujaza fomu: riwaya vingapi, sayansi vingapi, historia vingapi. Fomu ilikuwa na safu ya pili, ya watu walioonekana wakisoma. Mkutubi, mama mmoja ambaye miwani yake ilining'inia kifuani siku zote, alikuwa amewaeleza waziwazi.

"Wanangu, mkimwona mtu anasoma, mwandikeni. Hata kama hakuacha kitabu mezani. Hata kama amekishika juu chini."

Mstari wa mwisho wa fomu uliitwa Rafu ya Lugha za Wakazi. Mji ule ulikuwa na watu waliotoka kila upande, na kwenye kona, karibu na mlango wa choo, palikuwa na vitabu vya lugha nne ambazo shuleni hazikufundishwa. Profesa aliiita rafu ya washamba, na kila alipoipita alibetua mdomo. Wale walioketi pale, kwa maoni yake, hawakuwa wasomaji. Fundi viatu mzee, aliyesoma huku akitikisa midomo, alikuja kupumzisha miguu. Mama wawili wafagizi wa hospitali, waliofuata mistari kwa kidole, walikuwa wamekimbia jua. Na yule bibi ambaye miwani yake ilivunjika mkono mmoja, akaufidia kwa uzi wa sufu wa buluu, huyo Profesa hakumtazama kabisa.

Watu hao walikuwa na adabu zao. Wakimaliza kusoma walikipangusa kitabu kwa kiganja, wakakirudisha mahali pake palepale. Kwa hiyo mezani hakikubaki kitu chao, na kwenye safu ya pili Profesa aliandika sifuri. Jumatano sifuri, Jumamosi sifuri, kwa muda wa miezi mitatu. Zilikuwa sifuri safi za mviringo, na alizionea fahari.

Tena yule bibi wa uzi wa buluu alikuwa bibi yake mwenyewe, mama wa mama yake, aliyelala naye chumba kimoja.

Siku ya kwanza alipoingia maktabani, bibi alifurahi kumwona mjukuu wake na beji, akamsalimia kwa sauti kwa lugha ya kwao, ile ya watu wa ng'ambo ya mto. Vichwa viligeuka.

"Unamjua?" Kifutio alinong'ona.

"Jirani tu," Profesa alisema. "Sijui hata anatafuta nini humu."

Bibi hakuweza kusoma lugha ya shule, lakini masikio yake yalikuwa mazima. Tangu siku hiyo hakumsalimia tena maktabani. Alimpita kama wanavyopitana watu wasiojuana, na Profesa, bila haya, akaona amepata nafuu.

Siku nyingine bibi alimwomba amwazimie kitabu kimoja. Maktaba ilitoa kadi moja kwa kila nyumba, na bibi ndiye aliyesema kadi yao apewe mtoto.

"Kadi hii ni ya vitabu vya shule tu, bibi," Profesa alisema. Ulikuwa uongo mtupu.

"Basi, mama. Nitasoma hukohuko."

Jioni ya kila Jumatano na Jumamosi, bibi akikunja nguo kitandani, alimsimulia mjukuu wake kipande cha hadithi. Ilikuwa hadithi ya fundi wa visima. Naam, huyohuyo. Profesa aliamini bibi anaitunga, na kwa kuwa cha bibi ni cha mjukuu, hakuona ubaya kuiita yake. Jumatano moja fundi alifika chini kabisa, kwenye giza totoro, na kamba ikakatika.

"Halafu?" Profesa alikaa wima.

"Halafu sijui. Jumamosi nitajua."

Kwa akili zote alizojisifia, Profesa hakujiuliza kwa nini mtu anayetunga hadithi aseme "nitajua."

Jumamosi hiyo alimkuta maktabani afisa wa manispaa. Bwana huyu alisimamia maktaba tano, na hakuna aliyewahi kumwona ameshika kitabu ila siku moja alipokitumia kuzuia mlango usijifunge. Mkononi alikuwa na fomu za miezi mitatu.

"Rafu hii haina msomaji hata mmoja," alimwambia mkutubi. "Sifuri, sifuri, sifuri. Vitabu viende stoo. Hapa tutaweka kompyuta mbili."

"Lakini mimi nikiwa dawatini huona migongo ya watu pale kila wiki."

"Wewe unaona migongo, mama. Mimi naona takwimu."

Profesa alisikia neno kompyuta, moyo ukaruka kwa furaha. Alikunja mikono ya shati na kuanza kupakia vitabu kwenye maboksi kabla hata hajaombwa. "Kwaherini, washamba," alisema chinichini, na Kifutio akacheka kicheko kifupi kisicho na raha.

Hapo kitabu kinene cha jalada la kijani kikamponyoka, kikaanguka wazi sakafuni. Katikati ya kurasa palilazwa uzi wa sufu wa buluu. Kwenye ukurasa palikuwa na picha ya mtu aliyesimama chini ya kisima, ameinua uso juu, mkononi ameshika kipande cha kamba.

Profesa alipiga magoti. Herufi zilikuwa zilezile za shuleni. Akaanza kuunga maneno ya chini ya picha, moja moja, kwa tabu kama mtoto wa darasa la kwanza. Ulimi ulikwama, lakini sikio likayatambua. Yalikuwa maneno ya Jumatano, kama bibi alivyoyasema, neno kwa neno.

"Mbona hiyo ni insha yako?" Kifutio aliuliza akichungulia begani.

Profesa alikifunga kitabu haraka. Uso ulimwaka moto.

Mlango ulifunguliwa, bibi akaingia. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kona yake, akasimama mbele ya rafu tupu. Aliupangusa ule ubao kwa ncha ya mtandio wake, kama inavyopanguswa meza baada ya wageni kuondoka, kisha akageuka kwenda zake. Alimpita mjukuu wake bila kumsemesha, kwa kuwa ndivyo mjukuu alivyotaka.

"Bibi!" Profesa aliita, tena kwa lugha ya ng'ambo ya mto. "Bibi, ngoja!"

Kisha, kabla woga haujamrudia, akamgeukia mkutubi.

"Mama, sifuri zile ni za uongo. Nimeziandika mimi. Nilikuwa nawaona wakisoma. Wote nilikuwa nawaona. Na yule ni bibi yangu."

Kifutio alitazama chini.

"Na fundi viatu ni babu yangu," alisema polepole. "Mimi niliona aibu kumwandika."

Mabingwa wawili wakatazamana. Miezi mitatu walikuwa wakifichana kitu kilekile, kila mmoja akimwogopa mwenzake.

"Watoto wamefanya mchezo na fomu za serikali!" afisa alifoka.

Mkutubi hakufoka. Alivaa miwani yake, akawatazama mmoja baada ya mwingine, na laiti angefoka.

"Nilidhani nimewapa kazi watu wenye macho," alisema. "Leteni beji."

Walizitoa. Kisha mkutubi akaenda hadi kwenye tangazo la ukutani, akalisoma kimya, akashika kiuno.

"Na mimi sina la kujisifu. Nimewawekea watu wa lugha nne tangazo kwa lugha ya tano, halafu nashangaa hawalifuati." Akamgeukia afisa. "Bwana, sitii sahihi. Nipe wiki moja, tuhesabu upya."

Afisa alitaka kubisha, lakini bila sahihi boksi hata moja lisingetoka mlangoni. Alikubali kwa kununa.

Adhabu ya Profesa ilikuwa kuandika tangazo jipya kwa lugha zote nne, na maneno ayatafute kwa wenyewe. Basi yeye aliyepita pua juu akawa anapita kichwa chini, karatasi mkononi, kuwaomba msaada washamba wake. Wafagizi walicheka mpaka machozi walipoona alivyoandika lugha yao. Fundi viatu alimrudisha mara tatu.

"Andika tena," alisema. "Hapa umewaambia watu waviache vitabu tumboni."

Bibi ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote.

"Niache kitabu kimezagaa mezani? Mimi? Watu watasema nimelelewa wapi?"

"Lakini bibi, ukikirudisha, hakuna atakayejua kwamba umekisoma."

"Wewe ulikuwepo," bibi alisema. "Wewe ulijua."

Profesa akainamia karatasi yake. Bibi alikubali kuacha kitabu mezani, lakini alikiacha kimenyooka, kikiwa kimelingana na ukingo wa meza. Nyumbani jioni za wiki hiyo alikunja nguo kimya. Profesa hakuthubutu kuuliza habari za fundi.

Jumamosi afisa alihesabu mwenyewe, maana hakumwamini mtu tena. Vitabu vya rafu ya kona vilikuwa thelathini na kimoja mezani, vingi kuliko riwaya na sayansi kwa pamoja. Akarudia kuhesabu kwa kidole, huku akitikisa midomo kama fundi viatu. Hesabu haikubadilika. Mwishowe akasema kompyuta zikae karibu na dirisha, mahali pale alipozoea kuketi mhusika fulani, kisha akaondoka haraka kama mtu aliyeitwa.

Jumatatu Profesa alimwambia mwalimu ukweli kuhusu insha, mbele ya darasa lote, na mwalimu akazifuta alama zake kwa kalamu nyekundu. Jina la Profesa halikufutika. Ila sasa lilikuwa kejeli nzima nzima, na safari hii mwenyewe alilisikia vizuri.

Jioni hiyo aliiweka kadi ya maktaba kwenye kiganja cha bibi.

"Haikuwa ya vitabu vya shule tu," alisema. "Nilikudanganya."

"Nilijua," bibi alisema. Hakumshukuru, na hapakuwa na cha kushukuru. Siku mbili baadaye alirudi nyumbani na kitabu cha kijani, uzi wa buluu ukiwa palepale ulipokuwa.

"Hukuendelea kukisoma wiki yote ile?" Profesa alishangaa.

"Nilisoma vingine. Hiki nilikungoja." Bibi aliketi kitandani, nguo zikiwa bado hazijakunjwa. "Sikiliza, mama. Mtu akidharau kwa kutojua, anafundishwa, yanaisha. Wewe ulidharau huku unajua, ukaandika sifuri kwa mkono uleule uliopigiwa makofi kwa ajili ya kitabu hiki. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Unakula kwenye sahani, halafu unaitemea mate. Aliyeonekana mdogo siku zile hakuwa fundi viatu, wala wafagizi, wala mimi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bibi. Nisamehe."

"Kusamehe nitasamehe." Bibi alimpa kitabu. "Haya, soma."

"Lakini lugha hii siijui kuisoma vizuri."

"Najua huijui. Ila yule mtu yuko chini ya kisima tangu wiki ya juzi, na kamba umeikata wewe. Mtoe."

Profesa akaweka kidole chini ya neno la kwanza.