Mtoe Kwandu

Walikutana kwenye foleni ya kibanda cha simu, Bariadi mjini, msimu wa pamba, miaka ile makampuni yalipoanza kugombea wakulima. Lukresia wa Kasoli, ndani ya gauni la mitumba la maua ya njano, alimkanyaga mguu msichana mwenzake, Kwandu wa Nkololo.

"Mayu wee! Umeniua!"

"Pole, mtoto mzuri. Utapona?"

"Ukininunulia soda."

Kumbe wanasoma chuo kimoja cha ualimu! Wajukuu zangu, kitu gani huingia nyumbani bila kupiga hodi? Mwezi haukwisha, wakawa wanaitana asali.

Bweni likanusa. Wenzao wakamhamishia Kwandu godoro mlangoni, wakalimwagia maji, wakaandika ukutani neno ambalo mimi siliandiki. Mtihani wa mwisho ulikuwa umebaki miezi miwili, naye Kwandu hata kula mezani kaacha.

Asubuhi moja Nancy, wa kitanda cha jirani, akamjia anacheka.

"Lukresia wako yuko kwa matron. Nimemsikia mwenyewe: 'Mtoe Kwandu!'"

Kwandu hakuuliza la pili. Akafunga sanduku.

Mchana Lukresia alimkuta stendi, Kwandu kajifunika khanga mpaka machoni.

"Unakwenda wapi, asali?"

"Si umesema nitolewe?"

"Kwenye bweni lile la nyoka, wewe! Si chuoni! Matron Gloria katupa chumba cha kona, sote wawili. Tena kawasimamisha wote: 'Atakayemtukana mwenzake kwa sababu ya anayempenda, atanikuta mimi.' Sasa hivi Nancy anasugua ukuta."

Kwandu akataka kucheka, akajizuia.

"Kitendawili," akasema Lukresia.

"Sina hamu."

"Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Nimelia tangu asubuhi wala sikufiwa."

"Mpika vitunguu."

"Hapana."

"Basi moshi."

"Umeshindwa. Nipe mji."

"Nakupa Dodoma."

"Siutaki."

"Mwanza."

"Mwanza nitakaa na nani?"

Kwandu akachezea pindo la khanga. "Haya. Nakupa Bariadi."

"Na wewe umo?"

"Nimo."

"Nilikwenda Bariadi, nikafika, watu wa Bariadi wakanikaribisha vizuri. Jibu ni mimi, mjinga wewe, tangu nilipokuta kitanda chako kitupu."

Konda wa basi la Mwanza akapiga bati. "Dada, unapanda?"

"Hapandi," akadakia Lukresia.

"Nyamaza, nijibu mwenyewe," Kwandu akasema, akivua khanga usoni. "Kaka, sipandi."