Mgongo wa Sajenti

Kila asubuhi, kabla ya chai, Chiriku alipiga magoti mbele ya mama yake na kumfunga kamba za buti.

Jina la Chiriku alipewa na majirani wa kota za polisi, kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki. Akitumwa chumvi, alirudi na chumvi pamoja na habari za mtaa mzima. Lakini habari ya buti hakumsimulia mtu. Mama yake, sajenti wa trafiki, alikuwa amemwambia waziwazi, "Ya humu ndani yaishie humu ndani. Hata baba yako usimwambie. Yuko safarini na lori lake, usimpe mawazo barabarani."

Baada ya buti kulikuwa na kitambaa kipana, ambacho mama alikizungusha kiunoni ndani ya shati.

"Vuta," mama alisema.

"Nimevuta, mama."

"Vuta tena. Hicho si kitambaa cha kufungia maandazi."

Chiriku akavuta mpaka vidole vikamuuma. Juu ya shati ukaja mkanda wa kazi, na kwenye mkanda pingu, redio ya mawasiliano, tochi na kirungu, karibu vyote upande mmoja. Mama alitoa pumzi kwa meno, akafumba macho kidogo, kisha akajikaza kisabuni na kuvaa uso wa kazi. Ungemwona akitoka mlangoni ungedhani hajawahi kuugua hata mafua.

Mwezi uliofuata kungekuwa na majaribio ya mbio na viungo. Sajenti ambaye angefaulu angepandishwa cheo. "Wakisikia nina mgongo," mama alikuwa akisema, "watanitoa barabarani wanitupe kwenye kona ya ofisi kama kiti kibovu."

Getini walikutana na koplo mmoja mwenye kifua kipana, ambaye kituo kizima kilimwita Chuma. Alimtazama mama akitembea.

"Sajenti, mbona unachechemea?"

Mama alimtupia Chiriku jicho.

"Kiatu kinambana, afande," Chiriku akasema haraka. "Ni kipya."

Chuma aliinama kuzitazama buti zile, ambazo ncha zake zilikuwa zimechubuka mpaka zikawa nyeupe. "Kipya cha mwaka gani?" akauliza, akacheka, akaenda zake. Mama alimpapasa Chiriku begani. Chiriku alitabasamu, lakini uongo ule ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jioni hiyo mama alimtuma duka la dawa. Mwuza dawa, mwanamke wa makamo, hakugusa hela aliyowekewa mezani.

"Si wewe uliyekuja juzi?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na juzi kabla ya hapo. Mwanangu, dawa hizi za maumivu zikimezwa kama njugu huchimba vidonda tumboni na kuharibu figo. Mwambie anayezimeza aje mwenyewe."

Chiriku alirudi mikono mitupu akaeleza alivyoambiwa. Mama alikuwa akipakua chakula, peku, mkono mmoja umeshika ukingo wa meza.

"Maduka ni mengi," alisema. "Kesho utapita lile la karibu na shule."

Hapo ndipo Chiriku alipoiona sakafu. Nyuma ya mama, kutoka mlango wa uani hadi mezani, kulikuwa na madoa mekundu.

"Mama, unatoka damu."

"Wapi?"

"Mguuni. Wa kushoto."

Mama alijishikilia kwenye kiti, akaugeuza wayo. Kigae cha chupa kilikuwa kimezama kwenye nyama karibu na kisigino. Alikitazama kama mtu anayetazama mguu wa jirani. Kisha akakichomoa bila hata kukunja uso.

"Hakiumi?" Chiriku aliuliza kwa sauti ndogo.

"Umekufa ganzi kidogo. Utaamka."

Chiriku alipiga deki sakafu ile peke yake, na moyo wake haukutulia.

Siku iliyofuata, shule ilipotoka, mama alikuwa mahali pake pa siku zote: katikati ya barabara, mbele ya kivuko cha wanafunzi. Aliinua mkono, magari yakasimama, na watoto wa darasa la kwanza wakaanza kuvuka wameshikana mikono. Chiriku na wenzake walisubiri zamu yao ukingoni.

Mtoto mmoja alivuka nusu, kiatu kikamtoka mguuni. Akaachia mkono wa mwenzake, akarudi kukifuata. Wakati huohuo lori la mchanga likatokea kwenye kona kwa kasi, breki zikalia, na mkia wake ukaanza kuyumba kuelekea kivukoni. Mama aliruka, akainama, akamzoa yule mtoto kiunoni na kumrusha upande wa wenzake. Lori likasimama hatua chache tu kutoka alipokuwa. Harufu ya mpira ulioungua ikajaa hewani. Watu wakapiga makofi.

Lakini mama hakuinuka.

Alibaki ameinama, mkono mmoja umeegemea goti, mwingine bado uko juu kuzuia magari. Watoto walimaliza kuvuka na yeye bado yuko vilevile. Honi zikaanza.

"Afande, turuhusu tupite," dereva mmoja alipaza sauti. "Au unapiga picha?"

Baadhi ya wanafunzi walicheka. Chuma, aliyekuwa upande wa pili, alitazama tu. Alidhani sajenti ana sababu zake. Lakini Chiriku alijua. Aliliona jasho jembamba likimtiririka mama mashavuni. Macho yao yakakutana, na mama akatikisa kichwa polepole. Usiseme.

Chiriku alisimama pale, roho mkononi. Akinyamaza, labda mama angejikongoja mpaka pembeni na siri ikabaki siri. Nyuma ya lori, mwendesha pikipiki aliyechoka kusubiri alianza kujipenyeza. Hakuweza kuona kwamba mbele kuna mtu aliyeinama.

Chiriku akapiga moyo konde, akakimbia kivukoni mpaka kwa Chuma.

"Afande, mama hawezi kusogea. Ni mgongo."

"Mgongo? Si ulisema kiatu?"

"Nilikudanganya. Ni mgongo, tangu zamani. Na mguu wa kushoto hausikii chochote. Jana alikanyaga chupa asijue."

Uso wa Chuma ulibadilika. Alipuliza filimbi, akamsimamisha yule wa pikipiki, akafunga barabara pande zote mbili na kuita gari la wagonjwa kwa redio. "Asiguswe mpaka waje," aliwaambia watu waliokuwa wakikimbilia kumwinua. Wahudumu walipofika walimlaza mama kwenye machela taratibu kama wanaohamisha mayai. Alipopitishwa mbele ya Chiriku, alimtazama na kusema neno moja tu.

"Nilikuamini."

Neno lile lilimchoma Chiriku kuliko kigae chochote. Njia nzima hadi hospitali, kwenye gari la Chuma, Chiriku msema-sana hakufungua kinywa.

Baada ya vipimo, daktari alizungumza nao wakiwa kando ya kitanda. "Mshipa wa fahamu umebanwa kwenye uti wa mgongo. Nani wa kwanza kusema habari ya ganzi?"

Chuma alimwonyesha Chiriku kwa kidevu.

"Basi amemwokoa mama yake. Mngelichelewesha jambo hili, mguu ungeweza kulemaa."

Mama aligeukia ukutani.

Mkuu wa kituo alifika baadaye, kofia kwapani. Mama alijaribu kujiinua.

"Afande, nikipumzika kidogo tu nitarudi barabarani."

"Sajenti, lala. Hakuna anayekufukuza. Ukitoka hapa utafanya kazi chumba cha redio mpaka wataalamu waseme vinginevyo. Majaribio ya mwaka huu tuyasahau."

Alipoondoka, mama alilia. Chiriku hakuwahi kumwona akilia, hakujua aweke mikono yake wapi.

Hata waliporudi nyumbani, mama alizungumza naye kwa maneno ya kuhesabu: lete maji, funga mlango, asante. Baba alikatisha safari akaja. Alimshika mama mkono, kisha akamwuliza kwa upole kwa nini yeye ndiye awe wa mwisho kujua.

Kilichoanza kuyeyusha ukimya ule ni mazoezi. Mtaalamu wa viungo pale hospitali, kijana mcheshi, alimfundisha mama kulala chali na kuinua nyonga, kuchuchumaa anapookota kitu badala ya kukunja mgongo, na kutembea kila siku. "Nyinyi askari mnasimama kutwa kama nguzo," alimwambia, "mnaning'iniza vyuma upande mmoja wa kiuno, mkifika nyumbani mnajitupa kwenye kochi. Halafu mnaulaumu mgongo." Chiriku alifanya mazoezi yale pamoja na mama mkekani, na mara moja walipoanguka kwa pamoja wakitaka kuinuka, mama alicheka mpaka akajishika tumbo.

Ndipo akamsimulia yaliyotokea kwenye gwaride la kituoni. Mkuu wa kituo alikuwa ameuliza nani mwingine anaumwa mgongo. Kila askari alitazama buti zake. Kisha Chuma, yeye mwenyewe, akanyoosha mkono. Wakafuata wengine, mmojammoja, hadi karibu nusu ya mstari. Tangu hapo askari walianza siku kwa kunyoosha viungo, walibadilishana zamu za kusimama, na walipewa fulana za mifuko iliyogawa uzito wa vifaa pande zote mbili.

"Wote walikuwa wanajificha?" Chiriku aliuliza.

"Wote. Kila mtu akidhani ni yeye peke yake." Mama akakaa wima mkekani. "Siku ile nilikwambia nilikuamini."

"Ulikasirika."

"Nilikasirika, ndiyo. Lakini mkubwa akikukasirikia, haina maana kwamba wewe ndiye uliyekosa. Mimi ndiye niliyekosa. Nilikubebesha siri isiyo ya mtoto, nikakufundisha kudanganya ili nipate cheo. Nisikilize, mwanangu. Siri ya kumfurahisha mtu, itunze. Siri inayomwumiza mtu, ipeleke kwa mkubwa anayeweza kusaidia, hata kama mwenyewe atanuna. Na mwili ukilalamika, unaomba msaada. Kuuziba mdomo si ushujaa."

Chiriku aliitikia kwa kichwa.

"Chuma naye tulimdanganya," mama akaendelea. "Inafaa aombwe radhi."

"Nilishamwomba, mama. Siku ileile, hospitali."

"Basi nimebaki mimi," mama alisema. Akakunja goti, akainuka polepole jinsi alivyofundishwa, akavaa kandambili, akavuka uwanja wa kota. Chiriku alimwona akisimama mbele ya mlango wa Chuma, akivuta pumzi, na kupiga hodi.