Nani Amekula Chaji ya Redio?

Jumatano, saa moja asubuhi, kocha aliifungua kompyuta yake mpakato na kukuta chaji asilimia sitini na moja. Jana jioni ilikuwa imejaa. Aliizima kwa mkono wake, akachomoa waya wa umeme, akaiacha mezani na kufunga mlango wa ofisi. Sasa aliitazama namba ile kama mtu anayekuta sufuria ya mboga imeliwa nusu na mfuniko umerudishwa vizuri.

Haikuwa mara ya kwanza. Ilikuwa asubuhi ya tano, na klabu ilikuwa imefungwa mechi tatu mfululizo na wapinzani walioonekana kujua kila hila kabla haijachezwa. Jumamosi ilibaki mechi moja, ya kubaki daraja la kwanza au kushuka. Wachezaji walipofika na kuanza kufunga kamba za viatu, kocha alisimama katikati ya chumba cha kubadilishia nguo, akamnyooshea kidole mchambuzi wa video, msichana waliyemwita Macho, na kumwita mwizi. Macho ndiye mtu mwingine pekee mwenye ufunguo wa ofisi na neno la siri la ile kompyuta. Uongozi ungekaa Ijumaa jioni kumfukuza.

Kesi ilimwangukia Inspekta, afisa usalama wa klabu. Jina lilikuwa kubwa kuliko cheo, kwa kuwa alistaafu polisi akiwa sajini, lakini hakuna aliyethubutu kumkumbusha. Alikuwa mama mrefu asiyeweza kutulia. Kiti kwake kilikuwa kama jiko, akigusa tu anainuka.

Aliingia ofisini, akazunguka meza mara mbili kabla ya kuuliza lolote. Mlangoni alisimama kocha wa makipa, akichezea funguo za gari. Alikuwa kaka wa mke wa kocha, kwa hiyo klabu nzima, kuanzia mwenyekiti hadi mfagizi, walimwita Shemeji.

“Huenda ni betri tu imezeeka,” Inspekta alisema.

“Mashine iliyozimwa ni maiti, afande,” Shemeji akajibu kabla ya kocha. “Maiti hali kitu. Mtu ameiwasha.”

Inspekta aliinama juu ya kompyuta. Kipanya kilikuwa cha waya, na waya wenyewe umezungushiwa plasta nyeupe ya kufungia vifundo vya miguu. Ubavu wa kushoto, kwenye tundu lenye alama ndogo ya radi, kilichomoza kidude cheusi chenye ukubwa wa haragwe.

“Na hiki?”

“Kipokezi cha kipanya kingine, kile kisicho na waya,” kocha alisema. “Zawadi ya mama watoto. Kilikufa baada ya siku mbili, nikarudia hiki changu. Hicho kimeganda hapo, hata sikumbuki kukitoa.”

Macho alikuwa kwenye kijichumba chake, akipanga vitu vyake ndani ya boksi la soksi za timu. Hakulia. Alikunja waya zake moja moja kwa hasira ya mtu anayesuka nywele za mtoto mkaidi. Alisema kazi hii ndiyo ya kwanza tangu amalize chuo, na kwamba akitoka hapa na jina la mwizi, hakuna klabu itakayompa hata kazi ya kuokota mipira.

Inspekta alimuuliza kuhusu mechi ya mwisho. Beki wa kushoto alipangwa kucheza mbele, jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Lakini tangu dakika ya kwanza wapinzani walikuwa wameshamwekea mtu wa kumganda.

“Mpango huo uliuona lini kwenye kompyuta?”

“Sikuuona. Haukuwemo.”

“Una hakika?”

“Afande, kila kilichomo humo nimekiweka mimi. Ule hata wachezaji waliusikia saa moja kabla ya mechi, simu zetu zikiwa zimekusanywa kwenye ndoo. Kabla ya hapo ulijulikana na kocha na kuta zake.”

Inspekta aliacha kutembea. Kila mtu aliijua tabia ile. Kocha hakuweza kupanga kikosi akiwa amekaa mbele ya kioo. Baada ya mazoezi alifunga kompyuta, akajifungia ofisini, akazunguka chumba akijisemea kwa sauti: namtoa huyu, namwingiza yule, hapana, mjinga wewe, yule hawezi kukimbia. Ndiyo maana wachezaji walimbatiza Redio.

“Kwa hiyo kilichoibwa hakikuandikwa,” Inspekta alisema. “Kilisemwa.”

“Mimi nilimwambia aache kupanga kwa sauti. Akasema nisimfundishe kazi.”

Jioni, mazoezi yalipokwisha, Inspekta alivuka uwanja wa kuegesha magari. Shemeji alikuwa ndani ya gari lake, vioo vimepandishwa, visikilizio masikioni, akitikisa kichwa taratibu. Alimpungia mkono. Inspekta alipogonga kioo na kumuuliza anasubiri nini, alishusha kidogo na kusema nyimbo za zamani zinamwondolea uchovu. Wakati huo Redio alikuwa amejifungia ofisini na vikosi vyake.

Kocha alipomaliza, Inspekta aliichukua kompyuta ile ile. Akaichaji ikajaa, akaizima, akaifungia kwenye kabati la chuma ofisini kwake na kuuvaa ufunguo shingoni kama mkufu. Kabati halikuwa na ufunguo wa pili. Alhamisi saa moja asubuhi alilifungua, akaiwasha.

Sitini na nne.

Hakuna mkono uliofika humo. Basi maiti ilikuwa inakula.

Saa mbili alikuwa kwa mdogo wake, fundi wa kompyuta mwenye duka lililojaa mashine zilizopasuliwa matumbo. Mdogo wake alisikiliza huku akimfuata kwa macho, kutoka dirishani hadi mlangoni na kurudi.

“Dada, kaa. Unanimalizia sakafu.”

Alimweleza kwamba kompyuta ina namna nyingi za kulala. Ukifunga tu kifuniko, inasinzia na kuendelea kula kidogo kidogo. Ikilala usingizi mzito, inahifadhi kazi zako zote kwanza na karibu haili kitu. Kuna na mpangilio wa kuwaka haraka, ambao hukudanganya kuwa umeizima kumbe umeizima nusu. Aliuondoa mpangilio huo, akaichaji ikajaa, akaizima kikamilifu, wakaiacha. Saa sita mchana waliiwasha: tisini na mbili.

“Betri imechoka,” Inspekta alisema.

“Nimeipima, ni nzima. Na betri iliyochoka ingekusumbua ukiwa unaitumia. Hii inanyonywa.”

Alichomoa kila kilichochomekwa, akaijaza tena, akaizima. Inspekta alishindwa kusubiri ndani. Alitembea mtaa mzima, akanunua misumari asiyoihitaji, akarudi, akaondoka tena. Saa kumi na nusu waliiwasha. Mia. Haikudondoka hata moja.

Mdogo wake alilishika lile haragwe jeusi kwa vidole viwili.

“Hilo tundu lenye alama ya radi linatoa umeme hata mashine ikizimwa, watu wachaji simu zao. Sasa kipokezi cha kipanya kinakunywa tone tu. Hiki ni mlevi.”

Alikipasua kwa kisu chembamba. Ndani kulikuwa na laini ya simu, na pembeni yake kitundu cha kunasia sauti, kidogo kama kichwa cha sindano. Usiku kucha kilikuwa macho kikisubiri kupigiwa, na kikipigiwa kilipokea bila kulia. Aliyepiga alisikia chumba kizima.

“Kirudishe kama kilivyokuwa,” Inspekta alisema. “Na gundi isionekane.”

Ijumaa mchana alimtoa kocha ofisini, akampeleka katikati ya uwanja, mbali na kuta na masikio, akamweleza. Kocha alisikia yote bila kukatiza, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kisha akaelewa swali linalofuata.

“Mke wangu hawezi.”

“Mpigie. Weka sauti nje.”

Simu iliita mara mbili. Kocha aliuliza kile kipanya cha zawadi alikinunua duka gani. Mkewe alicheka.

“Mimi na mambo ya kompyuta wapi na wapi? Kaka ndiye aliyekinunua, mimi nilifunga karatasi tu. Alisema nikikupa mimi utakipokea, akikupa yeye utaona anajipendekeza. Kwani kimefufuka?”

Kocha alikata simu. Alianza kusema kikulacho, Inspekta akamzuia.

“Methali baadaye, kocha. Ninalo neno la mkeo tu, na hilo litavunja nyumba bila kufunga kesi. Nataka kumwona yeye mwenyewe akikifuata.”

Saa kumi jioni, mazoezi yalipokwisha, Redio alijifungia ofisini kama kawaida. Inspekta alikuwa amesimama nyuma ya rafu ya jezi, na Macho pembeni yake, ameitwa awe shahidi. Kocha alizunguka chumba akijisemea. Mwanzoni alisema kama anayesoma, kisha mazoea yakambeba. Kesho namrudisha beki nyuma. Halafu hii kompyuta nimechoka nayo, fundi anakuja kuichukua sasa hivi, nimemwambia aifungue yote, achomoe kila kidude. Acha nikamsubiri getini.

Akatoka, akauacha mlango bila kuufunga.

Inspekta alikanyaga mguu mmoja, kisha mwingine. Macho alimshika kiwiko kumtuliza. Hatua za haraka zilisikika koridoni, mlango ukasukumwa. Shemeji aliingia, visikilizio vikining'inia shingoni, hakutazama rafu wala meza, akanyoosha mkono moja kwa moja ubavu wa kushoto wa kompyuta.

“Karibu, shemeji,” Inspekta alisema.

Na sauti yake mwenyewe, nyembamba kama ya mbu, ilirudia kutoka shingoni mwa Shemeji: Karibu, shemeji.

Shemeji alitazama chini, kifuani kwake, kama vile visikilizio vile amevalishwa na mtu mwingine. Mkono wake ulikuwa bado umekishika kidude.

“Nilikuwa natafuta flashi yangu,” alisema. Visikilizio vikairudia na hiyo.

Kocha alikuwa amesimama mlangoni.

“Kwa nini, shemeji?”

“Ndiyo hivyo. Shemeji.” Aliachia kidude, akakaa kwenye ukingo wa meza. “Nimedaka miaka kumi na moja. Nimevunjika vidole vitatu langoni. Nikaja hapa, kuanzia siku ya kwanza mimi ni shemeji. Kipa akidaka penalti, umemfundisha wewe. Akifungwa, shemeji yako amebebwa. Kuna mtu humu analijua jina langu? Wale wanaogombea na ninyi kubaki daraja waliniita kwa jina, na siri wakawapelekea wote mliocheza nao. Waliniahidi timu yao ikibaki daraja na yenu ikishuka, nitakuwa kocha msaidizi. Kwa jina langu.”

“Na mimi?” Macho alitoka nyuma ya jezi. “Mimi nilikukosea nini?”

“Wewe sikukugusa. Sikujua kama kile kitu kinakula chaji.”

“Ulipojua ulisema maiti hali kitu,” Inspekta alisema. “Ulimwona mtoto wa watu anafungasha vitu vyake, ukanyamaza.”

Inspekta alichukua simu ya Shemeji na kidude, kisha akampigia mwenyekiti kwa simu yake mwenyewe, akamwambia wageni wa kikao cha jioni wamebadilika.

Kocha alimgeukia Macho, akanyoosha mkono. Akasema basi binti yangu, yamekwisha.

“Hayajakwisha,” Macho alisema. “Uliniita mwizi mbele ya timu nzima. Humu ndani tuko wanne.”

Redio, mtu asiyewahi kukosa neno, alisimama katikati ya chumba cha kubadilishia nguo na kulitafuta kwa muda mrefu. Wachezaji walikaa wakimtazama, mmoja akiwa na kiatu kimoja. Hatimaye alisema: nilimwita Macho mwizi, naye si mwizi, na aliyekuwa anatoa siri zetu nje ni mdomo wangu. Mtu wa kwanza kupiga makofi alikuwa kipa.

Jumamosi asubuhi Macho ndiye aliyeifungua kompyuta. Boksi la soksi lilikuwa tupu chini ya meza yake. Alimgeuzia kocha kioo aone mwenyewe: mia.

Kocha alifunga kifuniko, akainuka, akaanza kuzunguka chumba kwa sababu mechi ilikuwa mchana na kikosi bado. Alifungua mdomo. Akatazama tundu lenye alama ya radi, akatazama kuta, akaufunga. Akazunguka tena, midomo ikicheza bila sauti.

Macho alivuta kiti, akakaa mbele yake.

“Sema tu, kocha. Safari hii anayekusikiliza unamwona.”