Swali la Tumbo la Ng'ombe

Huko Nzega, katika darasa la pili, kwenye dawati la karibu na dirisha, walikaa wasichana wawili. Mmoja Nyamizi. Mwingine Siwema. Walikuwa marafiki.

Kila Jumatatu, Mwalimu Lugendo aliandika swali moja ubaoni, juu kabisa, pembeni. Lilikaa pale wiki nzima bila kufutwa. Hilo ndilo Swali la Wiki.

Ijumaa ndiyo siku ya kujibu. Ukipata, unasimama mbele. Mwalimu anasema, "Makofi matatu." Darasa zima linapiga.

Pa, pa, pa.

Nyamizi aliyataka makofi hayo. Aliyataka kweli kweli. Tangu mwaka uanze hakuwahi kuyapata. Wiki ya buibui alisema miguu sita. Kumbe ni minane.

Jumatatu moja mwalimu aliandika: Tumbo la ng'ombe lina vyumba vingapi?

Haya, mtihani huo.

Jumanne Nyamizi akamwuliza baba, aliyekuwa akiziba pancha ya baiskeli.

"Tumbo ni tumbo, mwanangu," baba akasema. "Chumba kimoja tu, kama lako."

Nyamizi akaandika moja. Kisha akafuta. Hakuwa na uhakika.

Jumatano akamwuliza kaka yake.

"Kamwulize ng'ombe," kaka akasema.

Alhamisi, njiani kutoka shule, Siwema akamshika mkono. Siwema huongea polepole, tena kwa sauti ndogo.

"Mimi najua. Ni vinne. Usimwambie mtu. Kesho nitanyoosha mkono."

"Simwambii mtu," Nyamizi akasema.

Na kweli, hakumwambia mtu. Ila ngoja usikie alichofanya.

Ijumaa ikafika.

"Nani atajibu?" Mwalimu Lugendo akauliza.

Mkono wa Siwema ukaanza kupanda, polepole. Wa Nyamizi ulikuwa juu tayari.

"Vinne, mwalimu."

"Sawasawa. Umejuaje?"

"Najua tu."

"Makofi matatu."

Pa, pa, pa.

Darasa zima lilipiga. Siwema hakupiga.

Makofi yalikuwa matamu masikioni mwa Nyamizi. Lakini hayakuwa yake.

Nyamizi akarudi kuketi. Siwema alikuwa amesogea mpaka mwisho wa dawati. Kengele ilipolia, akaondoka peke yake.

Jioni ile ugali haukushuka.

"Unaumwa?" mama yake akauliza.

"Hapana, mama."

Akalala. Masikioni bado aliyasikia. Pa, pa, pa. Hayakuwa yake.

Jumamosi Siwema hakuja kucheza. Jumapili hakuja. Jumatatu hakumpitia waende shule. Nyamizi akatembea peke yake, na njia ilikuwa ndefu.

Alijua la kufanya. Lakini aliona aibu. Jamani, kusema kweli ni kazi.

Mwalimu alipoingia, kabla hajaandika swali jipya, Nyamizi akasimama.

"Mwalimu, jibu la ng'ombe halikuwa langu. Lilikuwa la Siwema. Aliniamini, akaniambia. Mimi nikamwahi."

Mwalimu akaweka chaki mezani.

"Ulikosea, Nyamizi," akasema. "Lakini umesema mwenyewe. Keti. Siwema, njoo mbele."

Siwema akaenda, polepole.

"Makofi..." mwalimu akaanza.

"Bado, mwalimu," Siwema akasema. "Hata mimi niliambiwa. Mama ndiye anayejua. Anauza supu ya utumbo. Kila siku anaosha tumbo la ng'ombe."

Mwalimu Lugendo akafikiri kidogo.

"Basi makofi ni ya mama yako. Nani atampelekea?"

Nyamizi akanyoosha mkono. Siwema akamtazama. Akamtazama sana. Kisha naye akanyoosha wake.

Baada ya masomo wakaongozana.

"Uliniumiza," Siwema akasema.

"Najua. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Usirudie."

"Sirudii."

Mama Siwema alikuwa sokoni, kwenye kibanda chake cha supu. Mikono yake ilikuwa ndani ya beseni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mbona mna nyuso za msibani?"

Walisimama wima, wakapiga.

Pa, pa, pa.

"Ya nini hayo?" mama akauliza.

"Ya Swali la Wiki," Nyamizi akasema. "Mwalimu ametutuma. Jibu la tumbo la ng'ombe lilikuwa lako, mama."

Mama Siwema akaacha kuosha. Akatazama beseni lake. Akainua vipande, kimoja kimoja, wasichana waone.

"Chumba hiki ni kama taulo. Hiki kama sega la nyuki. Hiki kina kurasa, kama daftari. Na hiki ni laini. Vinne."

"Nani alikufundisha, mama?" Nyamizi akauliza.

"Kisu na maji, mwanangu. Mimi shule sikwenda."

Akajifuta mikono kwa kanga. Machozi yalimlengalenga.

"Tangu nizaliwe," akasema, "sijawahi kupigiwa makofi."

Akavuta kiti. Akaketi vizuri. Akaweka kanga yake sawa.

"Haya, rudieni. Polepole, niyasikie."

Nyamizi na Siwema wakarudia, polepole.

Pa.

Pa.

Pa.