Mgeni Aliyeogeshwa Wodini

Kila jioni Chiriku alikuwa mgonjwa. Akishatoka shule na kubadili nguo, alijitupa kwenye godoro la chumbani na kuanza kulalama kama mtu mwenye homa ya wiki nzima. Jina hilo la Chiriku alipewa na majirani, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kumsaidia dada yake, aliyekuwa akimalizia mafunzo ya muuguzi msaidizi. Dada alihitaji mtu wa kufanyia mazoezi: kumgeuza, kumfuta uso, kumpima joto, kumtandikia shuka bila kumtoa kitandani. Chiriku alijitolea kwa moyo mkunjufu, maana mgonjwa haoshi vyombo.

"Vipi, nimekaza shuka mno?" Dada aliuliza siku moja.

"Safi kabisa!" Chiriku alijibu, ingawa vidole vyake vya miguu vilikuwa vimebanwa kama njugu kwenye ganda.

"Na maji? Si ya moto?"

"Matamu, Dada. Wewe ni muuguzi wa kuzaliwa."

Mama, aliyekuwa fundi cherehani, aliinua macho kutoka kwenye kitambaa. "Hata daktari hasifiwi hivyo," alisema, akaendelea kushona.

Siku ya kuanza kazi ikafika. Dada alivaa sare iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, lakini yeye mwenyewe akakawia mlangoni. "Mama, nikikosea je? Wagonjwa wakinicheka?"

"Mwanzo mgumu, mwanangu. Nenda."

Alasiri alirudi na viatu mkononi, akakaa chini bila kusalimia. Mama alisimamisha cherehani. Taratibu, kwa sauti ya kilio, Dada akaeleza yaliyomkuta.

Aliambiwa amhudumie mzee wa kitanda cha mlangoni. Alipofika alimkuta mzee amelala, blanketi mpaka kidevuni. Akamwamsha, akamtia kipima joto chini ya ulimi. Mzee akajaribu kusema.

"Mm! Mmm!"

"Usizungumze, babu, utakivunja."

Akamfuta uso. Akamwosha mikono, akamsugua miguu, akamchana mpaka ndevu. Kila mzee alipoguna, Dada alimbembeleza, "Vumilia, babu, tunamaliza." Ndipo mlango ulipofunguka, akaingia mzee mwingine akijikongoja kwa fimbo.

"Haya ni mambo gani?" mzee wa fimbo alifoka. "Nimekwenda msalani tu, ndugu yangu, tayari umenirithi kitanda?"

Mgonjwa alikuwa yeye. Yule aliyeogeshwa alikuwa mdogo wake, aliyekuja kumjulia hali, akachoka kungoja, akajinyoosha kidogo. Wodi nzima ilicheka. Hata aliyeshonwa tumbo alicheka, huku akijishika na kuomba wenzake wanyamaze.

Chiriku naye hakuweza kujizuia. Alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye kigoda.

Dada alivua kofia yake ya kazi, akaibwaga mezani. "Sirudi tena! Kazi hii ina wenyewe." Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Kicheko kikamkauka Chiriku. Dada yake hakuwahi kumfungia mlango. Alisimama pale akisikia kwikwi za upande wa pili, kisha akamsogelea mama yake.

"Mama, dada hajawahi kuniuliza jina tukifanya mazoezi. Na mimi sikumwambia kwamba amesahau. Nilikuwa nasema safi, safi, ili nisioshe vyombo."

Mama alimvuta karibu. "Sifa za bure ni kama uzi mbovu. Nguo inapendeza ikiwa imetundikwa. Ukiivaa, inafumuka barabarani. Nenda ukamwambie mwenyewe."

Chiriku alibisha hodi, akamwambia dada yake yote. Dada alikasirika kidogo, halafu akapangusa machozi. "Basi lala hapo. Leo uwe mgonjwa wa kweli."

Ndipo Chiriku alipofungua mdomo. Shuka inabana! Maji yamepoa! Umenigeuza kama gunia! Dada alirekebisha, akarudia, akarekebisha tena. Alipokwenda kubadilisha maji, Mama aliingia kimyakimya akalala mahali pa Chiriku na kujifunika gubigubi.

Dada alirudi, akasita. Safari hii hakugusa kitu. "Habari ya jioni. Jina lako nani?"

Blanketi likafunuliwa. "Nimekuzaa mwenyewe, leo unaniuliza jina?"

"Samahani, mgonjwa. Jina kamili, tafadhali."

Walicheka wote watatu mpaka mbavu zikauma.

Asubuhi Dada alikwenda moja kwa moja kwa muuguzi mkuu, akakiri kwamba alimhudumia mtu bila kumuuliza jina, akaomba aendelee na kazi. Alikubaliwa.

Saa ya kutazama wagonjwa, Mama na Chiriku walimfuata wodini. Walimkuta anasukuma kiti cha magurudumu. Alikuwa ametumwa kumpeleka mgonjwa wa kitanda cha dirishani akapigwe picha ya mguu. Mgonjwa huyo alikuwa ameshakaa kitako kitandani, tayari kwa safari.

"Jina lako kamili, babu?"

Mzee alikohoa. Akatazama dari. "Kwani kiti kinauliza jina?"

"Kiti hakiulizi. Nauliza mimi."

Mzee akataja jina, nalo halikulingana na karatasi aliyopewa Dada: alikuwa yule yule mzee wa fimbo, mgonjwa wa kifua! Mwenye mguu alikuwa amelala usingizi kwenye kitanda cha mlangoni. Walikuwa wamebadilishana vitanda usiku ili mzee wa fimbo apate upepo.

"Nilitaka kuzungushwa kidogo tu," alijitetea. "Humu ndani mnachosha."

Mdogo wake, aliyekuwa amekaa kando kwenye kiti, alimpungia Dada mkono. "Binti, usivunjike moyo. Jana nilirudi nyumbani msafi mpaka mke wangu akaniuliza nilikuwa wapi."

Muuguzi mkuu alikuwa amesimama mlangoni akisikia yote. "Leo ilikuwa picha," alisema, "kesho ingekuwa dawa, na dawa ya mwenzio yaweza kukuua. Kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa." Kisha akamgeukia Chiriku. "Nimeambiwa wewe ndiye mgonjwa wa mazoezi anayesema kila kitu ni safi. Umtiaye moyo, usimdanganye. Mwambie anapokosea, kisha ukae naye mpaka aweze. Huko ndiko kumpenda mtu."

"Ndiyo, sista," Chiriku alijibu.

Dada alisukuma kiti hadi kitanda cha mlangoni, akamgusa bega mgonjwa aliyelala. Yule bwana alifumbua macho, akaona sare, na kabla hajaulizwa chochote akataja jina lake, la baba yake na la babu yake.